Lupu Imegoma? Vidokezo 11 vya Kuiamsha Amplifaya ya Valvu Uliyoijenga Mwenyewe

Umetoboa chasisi, umepiga lehemu hadi usiku wa manane, na siku ilipotoa sauti kwa mara ya kwanza ulimwita kila aliyekuwa nyumbani aje asikie. Hongera, tena hongera sana! Kisha ukaongeza matundu mawili kwa nyuma ili pedali za mwangwi zipate mahali pa kukaa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: sauti imekonda, au inavuma, au haitoki kabisa.

Tulia, na usikimbilie kununua valvu mpya. Lupu ya efekti ni njia fupi sana. Ishara inatoka hatua ya awali kupitia tundu la Kwenda, inatembelea pedali, halafu inaingia tundu la Kurudi na kuendelea hadi hatua ya nguvu. Hapo ndipo amplifaya imekatwa katikati kwa makusudi, na mkato huohuo ndio utakaokuonyesha kosa liko upande gani. Vidokezo kadhaa kati ya hivi havihitaji hata bisibisi.

1. Waya mfupi, jibu la nusu dakika

Anza hapa kila mara. Chomoa pedali zote, chukua waya mmoja mfupi, chomeka ncha moja Kwenda na nyingine Kurudi. Sauti imerudi? Basi umeshampata mhalifu! Ndani ya tundu la Kurudi kuna kibati kidogo kinachounganisha njia pale ambapo hakuna plagi, na kibati hicho kikishika vumbi au kutu, ishara inapita kwa kuchechemea au inakwama. Wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja wanajua hewa ya chumvi inavyokula chuma, na kibati hiki ni chuma kama vingine. Zima amplifaya, puliza dawa ya kusafishia mikontakti ya umeme, kisha ingiza na utoe plagi mara 20 hivi. Wengi safari yao inaishia hapa, na wanarudi kupiga gitaa.

2. Igawe nusu kwa nusu

Kama waya mfupi haukusaidia, uliza swali moja tu: kosa liko kabla ya lupu au baada yake? Chomeka gitaa kwenye Kurudi, ikiwezekana kupitia pedali moja yenye kuongeza sauti. Ukisikia gitaa safi, hata kama ni dogo, hatua ya nguvu, transfoma ya kutolea na spika ni nzima. Sasa geuza: gitaa liingie mahali pake pa kawaida, na waya kutoka Kwenda uende kwenye amplifaya nyingine au spika yenye amplifaya ndani, sauti yake ikiwa chini kabisa mwanzoni. (Pitia kwanza kidokezo cha 5, usije ukapeleka volti za ajabu kwenye chombo cha jirani.) Kwa majaribio mawili umeondoa nusu ya saketi katika orodha ya watuhumiwa. Fundi mwenye maabara nzima naye angeanza hivi hivi.

3. Kabla ya kufungua kifuniko

Hapa naomba usome polepole. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 450 za umeme wa DC, wakati mwingine zaidi, na kapasita za chujio huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Zima, chomoa, kisha zitoe chaji kupitia rezista ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 5, iliyofungwa kwenye vibanio vyenye mpira. Kapasita ya maikrofaradi 100 huisha chaji kwa takribani sekunde 5. Wewe ipe 30. Halafu pima kwa mita. Ikiwa bado inaonyesha zaidi ya volti 10, rudia. Unapopima kitu kikiwa na umeme, mkono mmoja ukae mfukoni au nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Na jambo moja la kukupa amani: tengeneza kilinzi cha balbu. Ni balbu ya kizamani yenye uzi, wati 60 au 100, iliyounganishwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoilisha amplifaya. Ukiwasha baada ya matengenezo, balbu ing'ae kidogo kisha ififie, hapo endelea. Iking'ara na kubaki inang'ara, kuna shoti. Zima, na transfoma yako imenusurika. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

4. Acha gitaa likuambie mvumo ni wa nini

Huu ni ujanja ninaoupenda kuliko yote, maana chombo cha kupimia unacho tayari. Umeme wetu Tanzania na Kenya una hezi 50. Ukishapita kwenye daraja la dayodi au valvu ya kunyoosha umeme, mawimbi yanayobaki huwa ya hezi 100. Sasa shika uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tatu, gitaa likiwa limetuniwa kawaida. Hiyo ni noti ya G, yenye hezi 98.

Piga noti hiyo huku mvumo ukiendelea. Ikiwa vinakaribiana kabisa, shuku kapasita za chujio, au waya wa ethi wa lupu uliofungwa karibu na kapasita hizo. Ikiwa mvumo uko oktavu moja chini yake, mzito na wa tumboni, shuku nyaya za hita za valvu, au mzunguko wa ethi kati ya amplifaya na pedali. Masikio ya mpiga gitaa yanatofautisha oktavu bila shida. Yatumie!

Kisha fanya jaribio la pili: lisha pedali moja kwa betri ya volti 9, uondoe adapta. Mvumo umetoweka? Adapta ndiyo yenye kesi. Umebaki? Chomeka amplifaya na adapta zote kwenye ekstensheni moja, usikilize tena. Na tafadhali sana, usikate wala kuacha wazi pini ya ethi ya amplifaya ili kunyamazisha mvumo. Mvumo utapungua, ndiyo, lakini siku waya wa moto utakapogusa chasisi, nyuzi za gitaa zitakuwa na umeme na vidole vyako vitakuwa juu yake. Dawa halali zipo: matundu yenye mwili wa plastiki yasiyogusa chasisi, huku mguu wake wa ethi ukirudishwa kwa waya hadi sehemu moja ya ethi ya hatua ya awali, au transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1, iliyowekwa kwenye njia ya Kurudi. Matundu ya chuma yaliyobanwa kwenye chasisi ni imara na mazuri kuyaona, lakini kwenye lupu mimi huchagua plastiki kila mara.

5. Volti za DC hazina kazi kwenye tundu la Kwenda

Fanya hivi kabla pedali yoyote ya bei haijachomekwa. Weka mita kwenye DC, chomeka waya mtupu Kwenda, kisha pima kati ya ncha ya plagi na mwili wake. Mara tu ukiwasha, namba inaweza kuruka halafu ikashuka; ni kapasita inajaa, iache. Baada ya dakika moja inatakiwa kubaki na milivolti chache. Ukiona volti nzima, kapasita ya kuunganisha inavuja. Ibadilishe na nyingine yenye uwezo wa volti 400 au 630. Plagi inapiga "pwa!" kila ukichomeka? Weka rezista ya megaomu 1 kutoka tundu la Kwenda hadi ethi, baada ya kapasita, na mlio huo utakwisha.

6. Pedali yako haina tumbo la volti 20

Sasa tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo kosa ninaloliona sana kwenye amplifaya za kujengea nyumbani. Gitaa hutoa sehemu ndogo ya volti moja, labda volti 1 ukilipiga kwa nguvu zote, na pedali imeundwa kumeza kiasi hicho. Lakini ndani ya hatua ya awali, baada ya valvu mbili au tatu za 12AX7, ishara inaweza kufika volti 10, 20 au zaidi. Ukiipeleka hivyo hivyo Kwenda, pedali ya volti 9 haina mahali pa kuiweka. Inakata vichwa vya mawimbi, na unapata ukwaruzo mkavu unaofanana na spika iliyochanika. Mtu anabadilisha spika, anabadilisha valvu, na ukwaruzo uko pale pale!

Jaribu hivi: punguza kitufe cha sauti kilicho kabla ya lupu. Ukwaruzo ukipotea wakati pedali imewashwa, ni kiwango. Tiba ni rezista mbili tu. Weka kiloomu 470 juu na kiloomu 47 chini, na kati yake uchukue ishara: volti 11 zinakuwa volti 1. Uigawe kabla ya kathodi folowa, ile nusu ya valvu inayosukuma ishara nje, kisha upande wa Kurudi nusu nyingine ya 12AX7 irudishe nguvu iliyopotea. Nusu hiyo hukuza mara 50 hadi 60, yaani zaidi ya ulichopunguza, kwa hiyo weka na kitufe cha kiwango pale Kurudi. Utajuaje umepatia? Sauti iwe ile ile ukiwa na waya mfupi ndani ya lupu na ukiwa huna chochote.

Kama una simu, pakua programu ya kutoa toni, weka hezi 200, iingize pale gitaa linapoingia, uanzie sauti ya chini, na upime Kwenda kwa mita ya AC. Kwa nini 200 na si 1,000? Mita nyingi za bei nafuu hupotoka masafa yakipanda. Angalia pia viwango vya mita yako: zile ndogo kabisa zina AC ya volti 200 na 750 tu, na haziwezi kukuonyesha sehemu ya volti kwa uhakika. Azima yenye volti 2.

7. Ung'avu umeenda wapi?

Sauti inatoka, haina kelele, lakini ni kama mtu amefunika spika kwa blanketi. Waya wa gitaa huhifadhi takribani pikofaradi 100 kwa kila mita. Chukua mita 3 za kwenda na 3 za kurudi, pedali zote zikiwa zimezimwa na ni za aina inayopitisha ishara moja kwa moja: pikofaradi 600. Ikiwa Kwenda inatoka kwenye kitufe cha sauti cha megaomu 1 kilicho katikati, ukinzani wake wa kutolea unafika kiloomu 250, na kila kilicho juu ya hezi 1,060 hivi kinaanza kufifia. Hapo ndipo utamu wa gitaa ulipo!

Kathodi folowa ina ukinzani wa kutolea usiofika kiloomu 1. Kwa waya ule ule, mpaka unasogea juu ya hezi 260,000, mbali kuliko sikio la mtu yeyote. Ndiyo maana Alexander Dumble, fundi mashuhuri wa amplifaya wa Marekani, aliwatengenezea wateja wake kiboksi cha pembeni chenye valvu, Dumbleator, kwa kazi hii tu ya kusukuma na kupokea ishara ya lupu. Wewe unaweza kukiweka chako ndani. Hujawa tayari kuongeza valvu? Weka pedali moja yenye bafa iwe ya kwanza kwenye mnyororo, na waya wa kuifikia uwe mfupi kadiri inavyowezekana.

8. Chomeka plagi, sauti ikafa

Bila plagi amplifaya inaimba. Ukichomeka tu Kurudi, inanguruma, inachakarisha au inazimika. Angalia rezista ya gridi ya valvu ya kupokea. Mara nyingi imeunganishwa upande wa kibati cha swichi, kwa hiyo plagi ikiingia inaikata, na gridi inabaki inaelea bila ethi. Weka megaomu 1 kutoka gridi yenyewe hadi ethi, upande ambao plagi haiwezi kuugusa. Ukiwa hapo hapo, amplifaya imechomolewa na haina chaji, tumia mlio wa mita kukagua miguu ya tundu: bila plagi, ncha na swichi zilie, plagi ikiingia, kimya. Miguu hii huchanganywa kirahisi, hata na mafundi wazoefu.

9. Mluzi na kijiti cha mishikaki

Mluzi mkali unaobadilika ukizungusha vitufe maana yake ishara iliyokwisha kukuzwa inarudi mahali pa mwanzo, na nyaya za lupu, zinazokatiza chasisi kutoka mbele hadi nyuma, ni daraja zuri sana la kurudia. Tumia waya wenye skrini, skrini hiyo ifungwe ethi upande mmoja tu. Uweke mbali na transfoma ya kutolea na mbali na tundu la gitaa. Piga lehemu rezista ya kiloomu 10 hadi 68 moja kwa moja kwenye mguu wa gridi ya valvu ya kupokea (mguu wa 2 au wa 7 kwa 12AX7), isiwe mwisho wa waya mrefu.

Kumjua waya mkorofi, chukua kijiti kikavu cha mishikaki, mkono mwingine mfukoni, na uzisogeze nyaya moja moja amplifaya ikiwa inafanya kazi. Mluzi utabadilika ukimgusa. Kijiti hicho hicho kigonge taratibu kioo cha valvu: ikilia kama kengele kwenye spika, ibadilishane na nyingine ya aina ile ile uone kama tatizo linahama nayo. Na valvu ya kathodi folowa ikiwa inachakarisha kila baada ya miezi michache, pima volti za kathodi yake dhidi ya hita. Kikomo cha 12AX7 ni volti 180, na kathodi folowa hukikaribia bila mtu kutambua. Kuinua hita juu ya ethi kwa volti 40 hadi 70 huipa nafasi ya kupumua.

10. Lupu ya sambamba na sauti inayojila

Umejenga ile yenye kitufe cha kuchanganya? Chomeka waya mfupi kati ya Kwenda na Kurudi, weka kitufe katikati. Sauti ikidhoofika au kutoweka, njia mbili zina awamu zilizopingana na zinafutana. Kila hatua ya kawaida ya valvu hugeuza ishara juu chini. Kathodi folowa haigeuzi. Hesabu hatua za kila njia. Tofauti ikiwa moja, umepata jibu. Na pedali kwenye lupu hii iwekwe itoe mwangwi mtupu, bila sauti kavu.

11. Kabla hujaifungua tena, jiulize inatoa wapi distosheni

Kuna amplifaya ambazo lupu yake haina kosa lolote, na bado mwangwi unatoka umevurugika. Ukijenga kwa mchoro wa Fender Deluxe 5E3 wa miaka ya 1950, utamu wake mwingi unatoka kwenye valvu za nguvu zikisukumwa. Lupu iko kabla ya valvu hizo, kwa hiyo mwangwi nao unakwenda kusagwa pamoja na noti. Lupu zilipata umaarufu baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, wakati distosheni ilipohamia hatua ya awali. Soldano SLO-100 ya mwaka 1987 ni mfano mzuri wa ukoo huo. Kwa 5E3 ningeyaziba yale matundu mawili bila kusita, nikaweka mwangwi mbele, na kufurahia amplifaya ilivyo.

Kwa nyingine zote, ukishapata sauti uliyoitaka, chukua kipande cha karatasi ngumu. Andika tarehe, volti za kila mguu wa valvu za lupu, kiwango cha Kwenda kwa toni ya hezi 200, na kila rezista uliyobadilisha pamoja na thamani yake ya zamani. Igundishe ndani ya kifuniko, mbali na valvu zenye joto. Ukirudi Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kipuri, ipige picha kwanza.